AFYA: Kisukari huharibu jicho lingali linaona vyema

Na MWANDISHI WETU

TUSEME kuna msichana wa Othaya, kaunti ya Nyeri, aliyeanza kudungwa insulini akiwa na umri wa miaka tisa. Sasa ana miaka 24 na anauza nguo katika duka dogo mjini Nyeri. Kila anapofika kliniki husimamishwa mbele ya ubao wa herufi, akafunika jicho moja kisha la pili, akazisoma zote hadi mstari wa chini kabisa. Huambiwa macho yake ni mazima, naye akarejea dukani. Katika miaka hiyo 15 hakuna aliyewahi kumtia dawa ya kupanua mboni na kumchungulia nyuma ya jicho.

Msichana huyu tumembuni sisi. Hata hivyo, yeyote aliyewahi kuketi kwenye foleni ya kliniki ya kisukari, iwe Nyeri, Karatina, Kerugoya, Embu, Chogoria, Meru au Nanyuki, hatakosa kumtambua. Kosa lililofanyika katika kisa chake ni dogo kulisikia lakini ni kubwa kwa madhara. Ubao wa herufi hupima kama mtu anaona leo. Hausemi lolote kuhusu hali ya retina, yaani ule utando mwembamba ulio nyuma ya jicho unaopokea mwanga na kupeleka picha kwenye ubongo. Kisukari huanza kuushambulia utando huo miaka mingi kabla ya mgonjwa kupoteza hata herufi moja.

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo huchanganywa mara kwa mara. Wengi wa wagonjwa wa kisukari nchini wana ule wa aina ya pili, unaowapata hasa watu wazima, ambao mara nyingi huanza kutibiwa kwa tembe. Aina ya kwanza ni tofauti. Hapa kinga ya mwili hugeuka na kuziangamiza chembe za kongosho zinazotengeneza insulini, na aghalabu huwapata watoto na vijana. Mgonjwa wa aina hii hana budi kujidunga insulini kila siku maishani mwake. Akiacha, huweza kufariki kwa muda wa siku chache tu.

Kabla ya mwaka wa 1922 ugonjwa huu ulikuwa hukumu ya kifo. Mnamo Januari mwaka huo, mvulana wa miaka 14 aliyeitwa Leonard Thompson alidungwa insulini katika hospitali moja mjini Toronto, Canada, akawa mtu wa kwanza kutibiwa kwa dawa hiyo. Tangu hapo watoto wenye kisukari walianza kuishi hadi utu uzima, na hapo ndipo madaktari walipoanza kushuhudia kwa wingi jambo ambalo awali halikupata nafasi ya kutokea kwa wagonjwa hao: vijana waliokuwa wakipofuka baada ya kuishi na kisukari kwa miaka 15 au 20. Muda ndio kiini cha maradhi haya ya macho. Anayeugua tangu utotoni ana miaka mingi ya kuishi mbele yake, na retina yake ina miaka mingi ya kuathirika.

Mifereji ya Mwea

Anayetaka kuelewa yanayotendeka ndani ya jicho na aende Mwea, kaunti ya Kirinyaga, akaitazame mifereji inayonywesha mashamba ya mpunga. Maji hutoka kwenye mito inayoteremka mlimani, yakaingia katika mfereji mkuu, kisha katika mifereji midogo, hadi yakafikia kila kipande cha shamba. Retina nayo ni shamba la aina hiyo. Mishipa ya damu huingia kwa nyuma ya jicho, ikajigawa na kujigawa tena hadi ikawa myembamba kuliko unywele, na kila sehemu ya retina hupata hewa ya oksijeni na chakula kupitia mishipa hiyo.

Sukari ikikaa juu kwenye damu kwa miaka, kuta za mishipa hiyo midogo hudhoofika. Mahali pengine hufura na kufanya vivimbe vidogo kama vipele. Mahali pengine huvuja, damu na mafuta yakamwagika kwenye retina kama matope yanayobubujika kutoka kwenye mfereji uliopasuka. Wakati huo wote mgonjwa haoni tofauti yoyote, kwa kuwa sehemu zilizoharibika ni ndogo na ziko pembeni.

Kisha baadhi ya mishipa huziba kabisa. Vipande vya retina vilivyokuwa vikitegemea mishipa hiyo hukosa oksijeni, navyo hutoa kemikali ya kuitisha msaada. Mwili huitikia kwa kuotesha mishipa mipya. Mtu angedhani hiyo ni habari njema, lakini sivyo. Mishipa hiyo mipya ni dhaifu mno na huota mahali pasipofaa, juu ya retina na kuelekea ndani ya jicho. Ni kama mkulima aliyenyimwa maji anayechimba mfereji wake usiku, bila kipimo, kwenye ukingo wa udongo laini. Siku moja unapasuka. Damu humwagika ndani ya ule ute mzito uliojaa jicho, na mtu aliyelala akiona huamka akiwa na wingu jeusi mbele yake. Isitoshe, mishipa hiyo huambatana na makovu ambayo hujikunja na kuivuta retina hadi ikabanduka kutoka mahali pake. Retina iliyobanduka hivyo ni vigumu kuirejesha, na mara nyingine haiwezekani.

Kuna njia nyingine ya kupoteza uwezo wa kuona, nayo haina kishindo. Mishipa iliyo karibu na kitovu cha retina, sehemu tunayoitumia kusoma na kutambua nyuso, huvuja polepole na kusababisha uvimbe. Mgonjwa hulalamika kwamba maandishi kwenye simu yamefifia, au kwamba mistari iliyonyooka inaonekana imepinda.

Je, ni wangapi hufikwa na haya? Mwanzoni mwa miaka ya 1980 watafiti wa jimbo la Wisconsin, Marekani, waliwapima wagonjwa waliopata kisukari kabla ya kufikisha miaka 30 na waliokuwa wakitumia insulini. Miongoni mwa wale waliokuwa wameishi na ugonjwa huo kwa miaka 20 au zaidi, takriban wote walikuwa na dalili fulani za uharibifu kwenye retina. Matibabu yameimarika tangu wakati huo, na idadi ya wanaofikia hatua mbaya imepungua kwingi duniani.

Kwa upande wetu, ng'ambo ya milima ya Aberdare kutoka Nyeri, utafiti uliofanywa Nakuru mwaka wa 2007 na 2008 uliwapima watu 4,414 wenye umri wa miaka 50 na zaidi. Miongoni mwa waliopatikana na kisukari, asilimia 35.9 tayari retina zao zilikuwa zimeathirika. Hao kwa sehemu kubwa ni wagonjwa wa aina ya pili. Wapo wazee wengi wa aina hiyo wanaojidunga insulini pia, nao hawapaswi kusubiri hata mwaka mmoja. Kisukari cha aina ya pili huweza kukaa mwilini kwa miaka kabla ya kugunduliwa, hivyo macho yao yanafaa kuchunguzwa pindi tu wanapoambiwa wanaugua.

Lawama kwa sindano

Liko dai linalosikika sokoni, ndani ya matatu na hata kwenye vyumba vya kungojea daktari: kwamba insulini ndiyo hupofusha. "Alikuwa akiona vizuri hadi walipomwanzishia sindano," husema jirani, na mzazi wa mtoto mgonjwa akarudi nyumbani na hofu. Dai hili ni hatari kiasi kwamba halifai kupuuzwa kwa neno moja tu la kulikana. Lina chanzo chake.

Kwanza, watu wazima wengi huanzishiwa insulini wakiwa wamechelewa, baada ya tembe kushindwa kwa miaka. Uharibifu wa retina huwa umeshatokea, ila sindano ndiyo inayokumbukwa. Pili, ni kweli kwamba sukari iliyokuwa juu kwa muda mrefu ikiteremshwa kwa ghafla, retina ambayo tayari imeathirika huweza kuzorota kidogo katika miezi ya mwanzo. Madaktari wanalijua jambo hilo. Ndiyo maana ni busara macho yachunguzwe kabla ya matibabu kubadilishwa kwa kiasi kikubwa. Lakini baada ya miezi hiyo manufaa huwa makubwa mno kuliko hasara.

Ushahidi mzito zaidi ulitolewa mwaka wa 1993. Kwa takriban miaka sita na nusu, watafiti nchini Marekani na Canada waliwafuatilia wagonjwa 1,441 wa kisukari kinachotegemea insulini, wa umri wa kati ya miaka 13 na 39. Nusu yao waliendelea na matibabu ya kawaida ya wakati huo, sindano moja au mbili kwa siku. Wengine walijidunga mara tatu au zaidi, au wakatumia pampu, huku wakipima sukari yao mara kadhaa kila siku. Miongoni mwa walioanza wakiwa na macho yasiyo na kasoro, wale waliodhibiti sukari kwa makini walipunguza hatari ya kuathirika retina kwa asilimia 76. Kwa wale ambao tayari walikuwa na dalili ndogo, kasi ya kuzorota ilipungua kwa asilimia 54. Hivyo basi, anayempunguzia mtoto insulini ili kuyaokoa macho yake anafanya kinyume kabisa cha kile kinachoyaokoa.

Kudhibiti huko kulipimwa kwa HbA1c, kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari kwa miezi miwili au mitatu iliyopita. Waliofanya vyema walikuwa karibu na asilimia 7. Wenzao walikuwa karibu na asilimia 9. Tofauti hiyo ya nukta mbili ndiyo iliyoamua mengi. Inafaa mgonjwa aijue nambari yake kama anavyoijua nambari ya simu yake. Kadhalika, shinikizo la damu likiwa juu huharakisha uharibifu, na anayeambiwa kwamba figo zake zimeanza kupitisha protini kwenye mkojo anafaa kukimbilia kupimwa macho, kwani mishipa ya figo na ya jicho huharibika kwa namna inayofanana.

Ni rahisi kuyaandika haya kuliko kuyatekeleza. Vijikaratasi vya kupimia sukari hugharimu fedha, na kupima mara nne kwa siku ni mzigo kwa familia inayongoja bonasi ya majani chai mara moja kwa mwaka. Hali ya hewa ya baridi ya Nyeri na Nanyuki husaidia kidogo katika kuhifadhi dawa, na wasio na jokofu hutumia chungu kilichowekwa ndani ya mchanga uliolowa maji. Lakini kuna kipindi kimoja ambacho, kwa maoni ya mwandishi huyu, hatukitilii maanani inavyostahili: miaka ya shule ya upili.

Ukanda huu una shule nyingi za bweni. Mtoto ambaye mamake alikuwa akimdunga na kumpimia chakula hujikuta, akiwa na miaka 14, katika bweni la wanafunzi wengi, kengele ikiamua saa ya kula na dawa ikiwa imefungiwa ofisini. Anaona haya kutoa sindano mbele ya wenzake wasije wakamdhania mtumiaji wa dawa za kulevya. Basi huruka dozi ya asubuhi, kisha ya jioni. Miaka hiyo ndiyo pia ya kubalehe, ambapo homoni za ukuaji huifanya insulini isifanye kazi ipasavyo na sukari hupanda hata kwa mtoto mwangalifu. Kabla ya kubalehe ni nadra retina kuathirika sana. Baada ya hapo saa huanza kuhesabu kwa kasi. Mzazi anayezungumza na mwalimu mkuu na matroni kuhusu mahali pa kuhifadhi dawa na ruhusa ya kula kitu saa nne asubuhi anayalinda macho ya mwanawe ya miaka 15 ijayo.

Kuchungulia nyuma ya mboni

Uchunguzi wenyewe si wa kutisha. Matone ya dawa hutiwa machoni, na baada ya nusu saa hivi mboni hupanuka. Daktari au afisa wa kliniki aliyesomea macho humulika kwa taa maalumu na kuitazama retina, au picha yake hupigwa kwa kamera na kusomwa na mtaalamu, pengine aliye mbali. Kwa mgonjwa wa aina ya kwanza aliyefikia umri wa kubalehe, uchunguzi wa kwanza unafaa kufanywa kabla ya miaka mitano kupita tangu agunduliwe, kisha kila mwaka. Mwanamke anayekusudia kupata mimba anafaa kupimwa kabla, au katika miezi mitatu ya kwanza ya ujauzito, kwani mimba huweza kuuchochea ugonjwa huu kwa haraka.

Wanaouza miwani mjini, na wale wanaoendesha kambi za macho za bure kwenye viwanja vya makanisa, hufanya kazi muhimu. Hata hivyo, mtu akipewa miwani pasipo mboni kupanuliwa wala retina kupigwa picha, asihesabu kwamba amepimwa. Tena sukari inapopanda na kushuka, lenzi ya jicho hufura na kunywea, na macho hufifia kwa siku kadhaa. Anayenunua miwani wiki hiyo huenda akaitupa mwezi unaofuata.

Kwa nini wengi hawaendi? Swali hilo lilishughulikiwa papa hapa mlimani. Katika kaunti ya Kirinyaga, daktari wa macho Nyawira Mwangi na wenzake walifanya utafiti wa jina la DURE uliohusisha vikundi 16 vya wagonjwa wa kisukari, aina ya vikundi ambavyo hukutana kuzungumzia hali zao na kusaidiana. Katika nusu ya vikundi hivyo, wagonjwa wenyewe walifunzwa kuwaelimisha wenzao kuhusu macho na kuwakumbusha kwenda kupimwa. Vikundi vingine viliendelea na huduma ya kawaida. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka wa 2020, yalionyesha kwamba waliokumbushwa na wagonjwa wenzao walijitokeza kupimwa kwa wingi zaidi. Mashine ya bei ghali haikuhitajika kwa hilo. Wengi wa washiriki walikuwa watu wa makamo na wazee. Vijana wa insulini mara nyingi hawahudhurii vikundi hivyo, kwa kuwa hujiona wageni katikati ya wazee, na hilo ni pengo ambalo kliniki zetu zingeweza kuliziba kwa kuwatengea siku yao.

Kwamba upimaji wa kila mwaka hufaulu, Uingereza ni mfano. Huko England mpango wa kitaifa wa kuwapiga picha za retina wagonjwa wa kisukari ulianza mwaka wa 2003. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2014 ulionyesha kwamba, kwa mara ya kwanza katika angalau miaka 50, kisukari hakikuwa tena chanzo kikuu cha upofu miongoni mwa watu wa umri wa kufanya kazi katika England na Wales.

Ugonjwa ukigunduliwa mapema, mara nyingi kinachohitajika ni kudhibiti sukari na kurudi kwa tarehe iliyotajwa. Mishipa mipya ikianza kuota, tiba ya miaka mingi ni leza. Turejee Mwea: mkulima ambaye maji hayamtoshi huamua kuviacha vipande vya pembeni vikauke ili shamba la katikati lipone. Leza huchoma sehemu za pembeni za retina, mahitaji ya oksijeni yakapungua na mishipa mibaya ikanyauka. Tangu miaka ya 1970 imethibitishwa kwamba tiba hii hupunguza kwa nusu au zaidi hatari ya kupoteza uwezo wa kuona. Ina gharama yake, kwani mgonjwa huenda asione vyema gizani au pembeni, na anayeendesha gari usiku lazima aambiwe hivyo mapema. Leza huokoa uwezo uliopo. Ni nadra kurudisha uliopotea. Kwa uvimbe wa katikati hutumika dawa inayodungwa ndani ya jicho lililotiwa ganzi, mathalan bevacizumab, ambayo asili yake ni dawa ya saratani na ambayo Shirika la Afya Duniani (WHO) liliiweka katika orodha ya dawa muhimu za macho mwaka wa 2013. Damu ikishajaa jichoni au retina ikibanduka, hubaki upasuaji.

Hapo ndipo safari huwa ndefu. Wataalamu wa retina ni wachache nchini na wengi wako Nairobi na viungani mwake. Wakazi wa mlimani wanaohitaji upasuaji huo mara nyingi huelekezwa Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta au kitengo cha macho cha Hospitali ya PCEA Kikuyu, kaunti ya Kiambu. Kutoka mjini Nyeri hadi Nairobi ni takriban kilomita 150, na sindano za macho hurudiwa, aghalabu kila mwezi kwa miezi ya mwanzo. Kabla ya kusafiri ni vyema mgonjwa aulize ni huduma zipi zinazogharamiwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), iliyochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024. Anayeona vidoa vyeusi vikielea ghafla kama masizi, au kivuli kikishuka kama pazia, asingoje tarehe ya kliniki. Aende siku hiyo hiyo.

Tumrudie msichana wetu wa Othaya. Siku ya kliniki, baada ya kuusoma ubao wa herufi, amwombe mhudumu amtie dawa ya kupanua mboni ili retina itazamwe. Huduma hiyo ikikosekana, aombe barua ya kumpeleka inakopatikana. Matokeo yaandikwe kwenye kitabu chake cha kliniki, jicho la kulia na la kushoto, pamoja na tarehe ya kurudi. Aende na mtu wa kumsindikiza, na kofia ya kukinga jua, kwa sababu macho yatakuwa na ukungu kwa saa kadhaa na mwanga utamchoma. Wala asichague siku yenye wateja wengi, kwa maana hadi jioni hataweza kutofautisha noti ya shilingi 100 na ya 200.